Siku Gegedu Lilipokolea Rangi

Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kazi yangu maabara ilikuwa kulea vidonge tulivyotaka viwe gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo kama goti. Ndivyo tulivyoviita vile vitufe vyeupe, milimita moja au mbili hivi, vilivyolala chini ya mirija. Kila kimoja kilianza na seli shina za uboho, seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, zipatazo 250,000. Tulizizungusha kwenye mashine mpaka zikatuama chini, na kesho yake zikawa zimejikusanya zenyewe kuwa duara.

Nusu ya mirija tuliitia kichocheo cha ukuaji kinachozisukuma seli ziwe gegedu, TGF-beta 3, nanogramu 10 kwa kila mililita. Nusu ya pili tukainyima. Wiki tatu nilikuwa mtu wa kubadilisha maji ya kuoteshea, sikukuu nazo zikanikuta humo humo.

Ikafika siku ya kukata vipande vyembamba na kuvitia safranini, rangi inayoshika protioglikani, zile molekuli zinazovuta maji na kulifanya gegedu lihimili uzito. Vilivyonyimwa vilitoka vimepauka. Vilivyopewa vilikolea wekundu, na ndani yake kila seli imekaa kwenye kijishimo chake, vilevile kama kwenye goti zima. Nilishangilia kwa sauti. Mwaka 1743 tabibu Mskoti William Hunter aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na tangu hapo madaktari wamekuwa wakimpa haki: halina mishipa ya damu, seli zake ni haba, nani atalikarabati? Nami nilikuwa nalitazama jipya.

Mwalimu wangu aliinamia hadubini, akakaa kimya, kisha akauliza, "Umepima kolajeni aina ya 10?"

"Bado, mwalimu."

"Basi kapime kwanza."

Kolajeni hiyo ni protini inayotolewa na seli zilizovimba, zilizo njiani kuacha ugegedu na kupisha mfupa, kama inavyokuwa mtoto anaporefuka. Tulipotia kingamwili zinazoinasa na kuionyesha kwa rangi ya kahawia, kahawia ikajitokeza karibu kila kona ya vidonge vyangu vyekundu. Ukipandikiza kitu hicho gotini, unaweza kuvuna mfupa mahali pasipotakiwa mfupa. Kukuza, kumbe, ndiyo sehemu nyepesi. Kazi ni kuzizuia seli zisipitilize.

Mwalimu hakuonekana kushangaa hata kidogo. Alitaja PTHrP, protini ambayo kwenye mifupa inayokua huzichelewesha seli zisivimbe mapema, akaniambia niipangie jaribio. Jioni ile ile nikaanza kuhesabu mirija mipya.