Nalimfundisha Efraimu Kwenda kwa Miguu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili limo katika Hosea 11, mstari wa 3 na wa 4. Nimelichagua kwa sababu ya swali ambalo limenielemea tangu nilipokabidhi nakala ya mwisho ya tasnifu yangu ya uzamili katika elimu ya awali. Nimeulizwa swali hilo na mjomba wangu, na jirani, na hata mama mmoja wa kwaya ninayemheshimu sana, kila mmoja kwa maneno yake lakini kwa mshangao uleule: "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo halafu ukafundishe chekechea?" Hakuna aliyeuliza kwa nia mbaya. Hawa ni watu walionichangia ada na kuniombea, na wanatamani kuona jasho langu na lao likizaa matunda. Kwa kuwa swali limetoka kwa wanaonipenda, siwezi kulipuuza, na juma hili lote nimekuwa nikilipeleka mbele za Mungu.

Milango ya kazi ipo, na ni vema kuitaja kwa ajili ya vijana wanaomaliza masomo kama mimi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kwa kila mtoto wa Tanzania, na Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8. Kwa hiyo mwenye shahada ya namna hii anaweza kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, au mkuza mitaala, au mthibiti ubora wa shule, au mtaalamu katika shirika linalohudumia watoto, au akaanzisha mwenyewe kituo cha kulelea watoto mchana na kukisajili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wengine wataendelea na uzamivu na kufundisha chuo kikuu. Zote ni kazi halali na zinahitajika.

Lakini nilipokaa kuziandika kazi hizo kwenye karatasi, nikaona jambo lililonisumbua. Heshima ya kila kazi, na mara nyingi mshahara wake pia, hupanda kadiri mtu anavyokaa mbali na mtoto mwenyewe. Anayeandika mtaala humzidi anayeutumia darasani, na anayemkagua mwalimu humzidi mwalimu. Yule anayemfuta mtoto kamasi, anayemfunga kamba za viatu, anayesikiliza sentensi yake ya kwanza iliyonyooka, ndiye wa mwisho katika orodha. Tumeuzoea utaratibu huu kiasi kwamba tunauona kama umeandikwa mbinguni, kumbe Maandiko yanasema vingine kabisa.

Sikilizeni Bwana anavyojieleza kwa kinywa cha Hosea: "Lakini nalimfundisha Efraimu kwenda kwa miguu; naliwachukua mikononi mwangu; bali hawakujua ya kuwa naliwaponya." Efraimu hapa ni jina la watu wa Israeli. Katika mstari unaofuata anasema aliwavuta kwa vifungo vya upendo, na kwamba aliandika chakula mbele yao, yaani aliwaandalia chakula. Huyu anayesema ni Bwana wa majeshi, aliyeigawanya bahari na kuwatoa watu wake Misri. Alipotaka Israeli wauelewe moyo wake, hakutaja kiti cha enzi wala magari ya vita. Alijitaja kama mlezi aliyeinama, akamshika mtoto mikono yote miwili, akamwacha ajaribu hatua, akamdaka alipoyumba.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, pamoja na washirika wao, walitoa mwongozo unaotaja mambo matano ambayo mtoto mdogo hawezi kukua vema bila kuyapata: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mlezi kutambua na kuitikia mahitaji ya mtoto), ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Nimeufanyia kazi mwongozo huo kurasa nyingi katika tasnifu yangu. Juma hili nimeisoma Hosea 11 tena na kuyakuta mambo hayo katika mistari miwili: amewaponya, amewalisha, amewavuta kwa upendo, amewachukua mikononi, amewafundisha kutembea. Yale ambayo wataalamu wa dunia wameyakusanya kwa utafiti wa miaka mingi, Bwana aliyahesabu kuwa kazi yake mwenyewe karne nyingi kabla ya Kristo kuzaliwa Bethlehemu, wala hakuona haya kuyasema hadharani.

Ndipo linapokuja neno lililonishika zaidi: "hawakujua." Mpendwa, nani kati yetu anamkumbuka aliyemfundisha kutembea? Tunamkumbuka mwalimu wa kidato cha nne, tunamkumbuka profesa, na katika shukrani za tasnifu tunawataja wasimamizi kwa majina na vyeo vyao. Aliyetufundisha kusimama hatumkumbuki, kwa sababu kazi yake aliifanya kabla ya kumbukumbu zetu kuanza. Lakini wanaochunguza ubongo wanatuambia kwamba kufikia umri wa miaka 6, ubongo wa mtoto huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka inayojenga kuliko yote ndiyo inayosahauliwa kuliko yote, na Mungu amechagua kujifananisha na mtu anayefanya kazi katika miaka hiyohiyo.

Wakati wa kukusanya data za utafiti wangu niliketi nyuma ya darasa moja la awali lililojaa watoto. Wengi walikaa kwenye mkeka, wakihesabu kwa vizibo vya soda. Kulikuwa na binti mdogo aliyekuwa akiishika penseli kwa ngumi, akiikandamiza hadi karatasi ikachanika, na machozi yakamlengalenga. Mwalimu hakumsemesha kwa mbali. Alipiga magoti nyuma yake, akaufunika mkono ule kwa mkono wake, wakachora duara pamoja mara kadhaa. Kisha akaanza kuondoa vidole vyake kimoja kimoja, polepole, mpaka mkono wa mtoto ukabaki peke yake na duara likaendelea. Mtoto hakugeuka kumtazama wala hakujua ni lini ameachiwa. Mwalimu akasimama, akakung'uta vumbi magotini, akaenda kwa mwingine. Mimi niliyekuja na dodoso zangu nikaandika kwenye daftari kwamba mwalimu ametoa msaada na kuuondoa hatua kwa hatua, kama vitabu vyetu vinavyoelekeza, na ni kweli alifanya hivyo. Ila sasa ninaamini kwamba siku ile nilikuwa nikitazama kazi ya Mungu ikitendeka kwenye mkeka uliochakaa.

Hapa ninalazimika kusema na sisi wenyewe, watu wa nyumba ya Bwana, na ninasema kwa upendo. Mithali 22:6, inayotuagiza kumlea mtoto katika njia impasayo, tunaisoma katika kila mahafali ya chekechea, na watoto wakiwa wamevalishwa majoho madogo tunapiga picha na kushangilia. Je, mwalimu wao analipwaje? Iko mifano mingi ya sharika zenye chekechea katika uwanja wa kanisa ambako mwalimu hutegemea ada za wazazi, na ada zikichelewa naye anakaa bila posho, hali vyombo vya muziki vinachangiwa na kununuliwa Jumapili moja. Iko mifano ya Shule ya Jumapili inayofanyikia stoo, kati ya viti vilivyovunjika, ikiongozwa na yeyote ambaye hana zamu nyingine. Bwana wetu alichukizwa wanafunzi walipowazuia watoto wasimjie, kama tunavyosoma katika Marko 10, na wanafunzi wale hawakuwa watu waovu. Waliona tu kwamba Mwalimu ana mambo makubwa zaidi ya kufanya. Kosa hilo ndilo tunalolirudia katika bajeti zetu, na kuwaimbia watoto wimbo siku ya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani, hakulirekebishi.

Kwa wahitimu wenzangu mnaosubiri matokeo, mnaofungua tovuti ya Ajira ya Serikali kila asubuhi na kuifunga kwa kuugua, neno langu ni hili. Shahada isiwe ngazi ya kuwakimbia watoto na kupanda juu. Maria Montessori, Mwitalia aliyeanzisha njia ya kufundisha watoto inayoitwa kwa jina lake, alihitimu udaktari wa tiba jijini Roma mwaka 1896, wakati ambapo wanawake waliofika huko walikuwa wachache mno, na bado tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, akakaa na wana wa vibarua, akawatazama wanavyojifunza. Elimu yake ilimwezesha kuona kwa watoto wale mambo ambayo wengine waliyapita. Ukiitwa ofisini, nenda kwa amani, maana mtaala mbovu huumiza maelfu na tunahitaji waandishi wanaomcha Mungu. Lakini usikubali kuandika neno moja kuhusu mtoto wa miaka 5 ikiwa hujaketi naye sakafuni, na ukipata nafasi ya darasa kwanza, usiione kama adhabu. Na wewe unayesubiri bila chochote, Shule ya Jumapili ya usharika wako ina watoto leo hii. Nenda na ujuzi wako wote, uandae zana, upange nyimbo na michezo kwa umri, uwape bora kabisa ulichojifunza.

Mwenyewe nimepeleka maombi ya kazi mahali pawili, chuo cha ualimu na shule moja yenye darasa la awali, na usaili wa vyote viwili unakaribia. Naomba mniombee ili popote nitakapopelekwa, mikono yangu isiwe mbali na watoto. Na wazee wa kanisa mtakaoisoma tafakari hii kabla ya vikao vya bajeti, ninawasihi kwa jina la Yesu: jina la mwalimu wa chekechea liingizwe katika orodha ya watumishi wanaolipwa na usharika kila mwezi, ada ziwe zimeingia au hazijaingia, na Shule ya Jumapili ipewe chumba chenye madirisha.