Milimita 3

Mimi ni fundi cherehani, Busia upande wa Uganda, na siku nilipompeleka binti yangu Kampala, Machi 2019, nilikuwa nimeshaamua upasuaji ninaoutaka. Jamaa yangu mmoja ng'ambo ya mpaka alilegea kope uzeeni, wakamtengeneza kwa kupitia ndani ya kope, bila kovu hata kidogo. Nikasema basi, na sisi hiyo hiyo.

Binti alikuwa na miaka minne. Kope ya juu ya jicho la kulia alizaliwa nayo imelala, imeziba nusu ya mboni. Ili aone, aliinua kidevu na kukunja paji la uso kama bibi kizee anayetafuta miwani. Watoto wa mtaani walimwita Usingizi. Mama mkwe wangu alisema ni husuda ya jirani, na jirani mwenyewe alimjua kwa jina.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Kiswahili chake cha salamu tu, kwa hiyo nesi aliyelelewa kambi ya jeshi Jinja ndiye aliyetutafsiria. Kwanza daktari akampa mtoto peremende. Nikadhani anambembeleza. Kumbe anaangalia kope wakati taya linatafuna, maana wapo watoto ambao kope hupanda na kushuka kwa kila tafuno, mishipa ya fahamu imeungana pasipo pake. Ya kwetu haikucheza. Kisha akamwambia abane macho, akawa anayafumbua kwa vidole aone kama jicho lenyewe hukimbilia juu. Umuhimu wa hilo niliuelewa baadaye, usiku, nyumbani.

Halafu akatoa rula ndogo ya plastiki. Akakandamiza nyusi ya mtoto kwa dole gumba, paji lisisaidie, akamwambia atazame chini, kisha juu. Akarudia mara tatu. Mimi hupima watu kila siku, lakini sijawahi kupima kitu kwa utulivu ule.

"Mzee," nesi akasema, "kope nzima hupanda kama milimita 15. Ya huyu, 3."

Nikaanza habari za yule jamaa yangu. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Njia ile hufaa pale msuli wa kuinua kope ungali na nguvu. Wa binti yangu ulizaliwa dhaifu, mahali pa nyama pana nyuzinyuzi na mafuta. Hata ukiukata na kuukaza, hauna cha kuvutia.

Hapo sikuhitaji mkalimani. Lastiki ikishakufa kiunoni, ipunguze hata nusu, sketi itashuka tu. Sketi ya hivyo hupunguzi kiuno, unaitia mikanda ya begani.

"Na mkanda wenyewe mtaufunga wapi?" nikauliza.

"Kwenye nyusi."

Yaani kope ifungwe na msuli wa paji la uso, ili akiinua nyusi, jicho lifunguke. Nikamtazama mwanangu na mikunjo yake ya kikongwe. Msuli huo alikuwa ameshaanza kuutumia mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nilichoachiwa kuchagua ni kamba. Silikoni, ambayo hunyumbulika na kurekebishika kirahisi, ila yaweza kulegea mkarudi mezani. Au kipande cha utando mgumu unaofunika msuli wa paja, wa kwake mwenyewe, hudumu zaidi, lakini mguu utabaki na kovu. Kungoja hakukushauriwa: jicho hilo lilikuwa limeshaanza kuona hafifu, ubongo unalizoea na kulipuuza, na hata baada ya upasuaji angefunikwa jicho zima kila siku ili bovu lifanye kazi.

Nikampigia mama yake. "Miguu ya mtoto wa kike usiiguse," akasema, akakata simu.

Nikaigusa. Kiraka kizuri hutoka kwenye jora lile lile, sijui kufikiri vingine. Alininunia wiki mbili, na hadi leo akimwogesha huona kile kialama juu ya goti, haniambii kitu.

Tulikuwa tumeonywa kwamba kope haitafumba sawasawa akilala. Lakini kuambiwa ni kimoja, na kuona ni kingine. Usiku wa kwanza nyumbani niliingia na tochi na dawa ya mafuta ya kupaka, nikakuta ufa mweupe, jeupe la jicho tupu. Kiini kimepanda juu kikajificha kisikauke, kama daktari alivyopima. Nikainama, nikasogeza tochi.

"Baba, unaangalia nini?"

"Nilidhani umelala."

"Nimelala," akasema.