Msonge Chini ya Mnara

Kila mgeni anayefika kwangu kutoka Mombasa huniomba nimpandishe juu ya KICC, jumba la mikutano ya kimataifa jijini Nairobi, nami humpandisha, lakini kwanza humsimamisha uani, karibu na sanamu ya Jomo Kenyatta aliyeketi, apate kuona kile ambacho wapiga picha huacha pembeni: ukumbi mfupi wenye paa la umbo la pia, uliochuchumaa miguuni pa mnara kama msonge uliohamia mjini. Kwa maoni yangu, uhodari wa jengo zima umo humo.

Mnara wenyewe unajieleza. Una urefu wa mita 105, rangi ya udongo uliochomwa, na juu kabisa uwanja wa helikopta. Kwa miaka mingi hakuna jengo lililouzidi kwa urefu jijini. Karl Henrik Nøstvik, msanifu kutoka Norwei, aliuchora akishirikiana na David Mutiso wa Wizara ya Ujenzi, na kazi iliyoanza mwaka 1967 kwa nia ya kukipatia chama cha KANU makao makuu ilimalizika mwaka 1973, mwezi Septemba ukiwakuta wajumbe wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakikutana hapo, mara yao ya kwanza kufanya mkutano wa mwaka barani Afrika. Serikali ililitwaa jengo kutoka kwa chama mwaka 2003.

Mnara ungeweza kusimama katika jiji lolote lenye fedha, lakini si ukumbi ule. Niliwahi kuhudhuria kongamano humo nikiwa nimechelewa, nikaketi safu ya nyuma kabisa, na bado nilimwona msemaji vizuri, kwa kuwa viti vimeizunguka jukwaa kama watu waliozunguka moto. (Hotuba yenyewe ilikuwa ndefu mno, lakini hilo si kosa la msanifu.)

Mwezi uliopita nilikwenda na shangazi yangu. Aliuzunguka ukumbi polepole, mkono ukipapasa ukuta.

“Hii wameiezeka kwa nini, mwanangu?”

“Ni zege, shangazi.”

Alicheka kidogo, asisadiki. Tulipofika juu alivitazama Vilima vya Ngong kwa muda mfupi tu, kisha akasogea ukingoni, akashika kilemba chake kisipeperushwe na upepo, akaanza kuutafuta msonge wake kule chini.