Nilivyompeleka Mama Death Valley

Mama alipokuja Marekani kunitembelea aliomba kitu kimoja: "Mwanangu, nataka nilione jangwa." Mtu wa Marereni, pwani ya Kenya kunakovunwa chumvi, miaka sabini na ushei, magoti yanamsumbua. Nikapanga Death Valley, California, mwezi wa Februari. Kiangazi nisingethubutu: ni pale Furnace Creek, ndani ya bonde hilo, ambapo tarehe 10 Julai 1913 kipimajoto kilisoma nyuzi 56.7, rekodi ya dunia mpaka leo.

Tulitoka Las Vegas alfajiri, mwendo wa saa mbili na zaidi. Mji wa Pahrump, njiani, nilijaza mafuta na kupakia maji mpaka Mama akaniuliza kama tunahama. Mbele kidogo mtandao ukakatika. Bahati ramani nilishaipakua.

Nilitaka twende moja kwa moja kwenye uwanda wa chumvi. Mama akabanwa na haja, ndiyo tukaanzia kituo cha wageni. Kumbe ndiko pa kuanzia. Nikalipa dola 30 za gari, tukaingia kwenye maonyesho, mimi mkalimani. Baghala waliokokota madini ya boraksi miaka ya 1880 hakuwajali. Kilichomshika ni habari za Watimbisha Shoshone, wenyeji wa bonde, ambao bado wanaishi papo hapo. "Basi si pori," akasema, "ni kwa watu hapa." Ila samaki wa Devils Hole, wadogo kama nusu ya kidole, wanaoishi kwenye shimo la maji moto katikati ya jangwa, hao alikataa katakata. Samaki na jangwa wapi na wapi!

Nilimweleza askari wa hifadhi habari ya magoti. Akatufutia vilima vyote nilivyoviandika, akatuelekeza Badwater, kwenye ule uwanda wa chumvi, kilomita 27 hivi: pana njia ya mbao, na mbele yake ni tambarare. Twende kabla ya adhuhuri, alisisitiza.

Badwater iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Juu kwenye genge wameweka kibao kuonyesha bahari ingefika wapi. Mama alikitazama kimya. Kisha akainama, kwa magoti yaleyale, akagusa ardhi nyeupe na kulamba kidole.

"Ya mezani hii," akasema. Akataka kipande cha kwenda nacho. Nikamwambia ni marufuku kutoa kitu hifadhini.

Akajipangusa mkono kwenye leso, akaangalia weupe ule usio na mwisho. "Marereni tungeshaitia maguniani."