Rudisheni Zile Fedha

Somo: Mathayo 27:3-10

Wapendwa, Yuda alipovitupa vile vipande 30 vya fedha hekaluni, wakuu wa makuhani waliviokota lakini hawakuthubutu kuviingiza kwenye sanduku la sadaka. "Ni kima cha damu," walisema. Watu waliokwisha kumhukumu Bwana bado walikuwa na haya mbele ya sanduku. Kanisa tutakalolitazama wiki hii lilikosa hata haya hiyo, ingawa lilikuwa kanisa la watu wema, na hapo ndipo pagumu.

Ni Kanisa Huru la Uskoti. Lilizaliwa Mei 1843 mjini Edinburgh, wachungaji zaidi ya 450 walipojitoa katika Kanisa la Uskoti kwa sababu wenye ardhi walikuwa na haki ya kuwachagulia waumini mchungaji. Haikuwa kelele tu. Waliacha mishahara, majengo, na nyumba walimolelea watoto wao. Kuna washirika waliosali nje, baridi na mvua, kwa kuwa mabwana wa ardhi waliwanyima viwanja. Wakahitaji fedha za kujengea makanisa na shule upesi, wakatuma wajumbe Marekani. Katika makusanyo hayo, takriban pauni 3,000 zilitoka majimbo ya kusini yenye utumwa, mji wa Charleston ukiwemo. Huko mkulima wa pamba aliyetoa sadaka alikuwa ameitoa mifukoni mwa watu wasiolipwa.

Januari 1846 Frederick Douglass akafika Uskoti. Alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka Septemba 1838, akaanza kuhutubu dhidi ya utumwa mwaka 1841. Watu walimsikiliza, wakasema msemaji mzuri namna hii hajawahi kuwa mtumwa. Akawajibu kwa kitabu, Mei 1845, akitaja jina la bwana wake na mahali alipoishi. Lakini kujitaja hivyo kulikuwa ni kuwaelekeza wawindaji mlangoni pake, maana kisheria bado alikuwa mali ya mtu. Agosti mwaka huo akapanda meli kwenda Liverpool.

Mkutano wake ulikuwa na utaratibu. Kamati ya wapinga utumwa ya mji, kama ile ya Glasgow, ilitafuta kanisa au ukumbi na kubandika matangazo. Waandishi wa magazeti waliinukuu hotuba. Mwishoni azimio lilisomwa na watu wakanyoosha mikono, na kitabu kikauzwa palepale. Toleo la Dublin lilianza na nakala 2,000, na mauzo yake ndiyo yaliyomlisha msemaji, asiwe ombaomba wa kamati. Adui mkubwa wa mikutano ya aina hii ni machozi. Watu wanalia kwa habari za mijeledi, wanapata nafuu moyoni, wanakwenda nyumbani kunywa chai. Douglass alilijua hilo, ndiyo maana Uskoti aliwapa wasikilizaji jambo moja linaloweza kutendwa au kukataliwa: rudisheni zile fedha. Maneno hayo yakaandikwa ukutani, yakaimbwa mitaani, hata yakachongwa kwa sepetu kwenye majani ya mlimani nje ya Edinburgh.

Biblia aliijua, na alijua inavyotumiwa vibaya. Katika kitabu chake anamsimulia bwana wake Thomas Auld, aliyeokoka kwenye mkutano wa kambi wa Wamethodisti Agosti 1832. Watumwa walitumaini atalainika. Nyumba ikajaa sala asubuhi na jioni, na ukatili ukazidi. Palikuwa na msichana mlemavu, Henny, ambaye mikono yake iliungua vibaya utotoni hata asiweze kazi nyingi. Auld alimfunga, akampiga mabega wazi mpaka damu, huku akinukuu Luka 12:47: mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende, atapigwa sana. Aya ni ya kweli. Imo katika Biblia zetu sote.

Jukwaani Douglass alikuwa na silaha nyingine, nayo ni kuigiza. Alijifanya mhubiri wa kusini anayefundisha "Enyi watumwa, watiini mabwana zenu", sauti na mikono vyote. Tazameni, anawaambia watumwa, mikono yenu ilivyo migumu, Mungu aliiumba kwa kazi. Na mabwana zenu wana vidole vyembamba virefu, hivyo si vya jembe. Ukumbi ulicheka. Halafu kicheko kikawakwama kooni, maana mahubiri yenyewe hayakuwa mbali sana na yale waliyoyazoea.

Viongozi wa Kanisa Huru hawakuutetea utumwa. Dakta Thomas Chalmers alisema mfumo ni mwovu, ila mwenye watumwa si lazima awe mwovu, kwa hiyo haifai kumtenga na meza ya Bwana. Ni hoja ya mtu msomi, na ina udhaifu mmoja: inamchunguza mtoaji tu, haiulizi fedha ni za nani. Nadhani kilichowapofusha ni ile sadaka yao wenyewe ya 1843. Mtu aliyeacha nyumba kwa ajili ya dhamiri ni vigumu kumwambia dhamiri yake imelala.

Mwisho wa Mei 1846 Mkutano Mkuu wa Kanisa Huru ulikaa Canonmills, Edinburgh. Douglass alikuwemo ukumbini pamoja na mpinga utumwa Mwingereza, George Thompson. Dakta William Cunningham, mmoja wa viongozi wa kanisa hilo, aliposema kwamba wala Kristo wala mitume hawakuhesabu kumiliki watumwa kuwa dhambi, Thompson alipaza sauti mara tatu, "Sikieni!" Ukumbi ukashtuka. Cunningham akaendelea na hotuba yake. Fedha hazikurudishwa, mpaka leo. (Kanisa hilohilo ndilo lililoanzisha misheni ya Livingstonia ziwa Nyasa mwaka 1875, katikati ya njia za misafara ya watumwa. Mungu hutumia vyombo alivyonavyo.)

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Mwaka uleule wa 1846 wanawake wawili wa Newcastle, Wakweka (Wakristo wa kundi la Quaker), Anna na Ellen Richardson, walichanga pauni 150 wakamnunulia Douglass uhuru wake kwa Hugh Auld, ndugu wa Thomas. Hati zilikamilika Desemba. Rafiki yake Henry Clarke Wright akamwandikia kwa uchungu: unakubalije bei? Umekiri kwamba mtu huuzwa! Douglass alijibu kutoka Manchester tarehe 22 Desemba kwamba fedha zile hazikutolewa kumfidia Auld, bali kumtoa yeye mikononi mwake. Mimi naona amejibu sawa. Pauni 3,000 zilitoka kwa mwizi zikaingia kanisani, naye mwizi akabaki na watu wake. Pauni 150 zilikwenda kwa mwizi, na mateka akatoka. Lakini hata Wright hakuwa mpumbavu. Auld alizihesabu fedha hizo kama mfanyabiashara yeyote.

Mwaka 1859 alikuja Uingereza msemaji mwingine, Sarah Parker Remond, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru Salem, Massachusetts. Septemba alisimama Manchester, mji ulioishi kwa pamba. Aliwaambia kwamba kila anapokutana na mikokoteni ya pamba barabarani hukumbuka mashamba 80,000 ilikolimwa, na pamba ya dola milioni 125 iliyolisha soko lao, ambayo hata senti moja yake haikufika mikononi mwa waliofanya kazi. Hakuwa akiwasema watu wa Charleston. Aliwasema waliokaa mbele yake, na nguo walizovaa.

Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila "unapiga kelele". Jumapili hii tuusome mstari huo wazi kanisani, kabla vikapu havijapita, si baada.