Nilivyoifundisha Indonesia kwa karafuu, huku huku Pemba

Nafundisha historia na jografia skuli moja huku Pemba, na jioni nna twisheni ya watoto wa jirani. Nchi iliyokuwa inanisumbua kuliko zote kuifundisha ni Indonesia. China watoto wanaijua kwa simu na kwa madaktari wa kule Mkoani, India wanaijua kwa filamu, lakini Indonesia kwao ilikuwa jina tu kwenye ramani. Visiwa zaidi ya 17,000, kutoka Sabang kule Aceh mpaka Merauke kule Papua zaidi ya kilomita 5,000, nchi moja ina majira ya saa matatu, watu zaidi ya milioni 270 na zaidi ya nusu yao wamejazana kisiwa cha Java peke yake. Haya yote mtoto anayaandika vizuri daftarini na kesho ukimuuliza hana hata moja.

Basi kitabu nikakiweka pembeni, nikashika punje ya karafuu nikawauliza, asili ya mkarafuu ni wapi? Wengi wakajibu Pemba, wachache wakasema Oman. Nikawaambia hapana, ni Maluku, vijisiwa vya volkano vya Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan, vyote viko Indonesia ya mashariki. Darasa likazizima kwanza halafu wakaanza kubishana, mana mtoto wa Pemba kumwambia karafuu si ya kwao ni jambo zito. Hapo ndo nikajua mlango nshaupata.

Ikawa kila kitu nakipitisha kwenye karafuu. Ternate na Tidore walikuwa na masultani wao, Waislamu, wakigombania biashara hiyo. Wareno wakafika 1512. Wakaja Waholanzi na kampuni yao ya VOC iliyoundwa 1602, wakataka karafuu ilimwe Ambon na visiwa vya jirani yake tu, kwengine kote mikarafuu ikakatwa ili bei waishike wao. Watoto wangu walifahamu papo hapo, mana huku kwetu karafuu mnunuzi wake ni ZSTC peke yake, yaani shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na habari za magendo wamezisikia tangu wadogo, wakanibana wenyewe tofauti ni nini, tukajadili faida inakwenda kwa nani na mkulima akikataa anafanywa nini. Mjadala ule ulinipa raha sana, ukoloni wakauona kwenye mti wanaoupanda kila msimu.

Halafu safari ya mche. Mfaransa Pierre Poivre ndo aliyefanya mpango miche ikatolewa kwa siri Maluku ikapandwa Mauritius mnamo 1770, mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, Sultani Sayyid Said akaamrisha ipandwe kwa wingi, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa, hilo silirukagi hata siku moja. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndo mana karafuu nyingi mpaka leo ziko huku.

Kazi ya nyumbani niliwapa wakaulize wazee bei ya karafuu ilianguka lini na kwa nini. Wakarudi na maneno mengi, wazee wa huku hawajasahau. Indonesia walikuwa wateja wetu wakubwa, mana wana sigara zao za kretek, tumbaku inachanganywa na karafuu, zilianzia mji wa Kudus huko Java, wakawa wananunua mpaka walipopanda wenyewe kwa wingi na kujitosheleza, na miaka ya 1980 soko letu likayumba vibaya. Leo wao ndo wa kwanza duniani kwa kuzalisha karafuu na wa kwanza kwa kuitumia. Mwanafunzi mmoja akaniambia, "Mwalimu, kumbe babu alikuwa anawazungumza hawa."

Baada ya hapo mambo mengine yalishuka mepesi. Uhuru Sukarno na Hatta waliutangaza tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili tu baada ya Japani kusalimu amri, Waholanzi wakapigana wakaja kuukubali Desemba 1949. Mwaka 1955 wakaalika nchi za Asia na Afrika kwenye mkutano mji wao wa Bandung. Suharto akatawala zaidi ya miaka 30 mpaka 1998, na tangu 2004 rais anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, miaka mitano, mwisho vipindi viwili.

Serikali ndo ilikuwa sehemu tamu, mana mtoto wa Zanzibar kishazoea kuwa na rais wake na Baraza la Wawakilishi ndani ya Jamhuri moja. Nikawaeleza kule kuna mikoa 38 lakini haifanani, Aceh ina mamlaka yake maalum na inatumia sharia, Yogyakarta sultani ndo gavana bila ya kupigiwa kura, na Bali wengi wao Wahindu ilhali nchi ndo yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Hapo maswali hayakwisha, magharibi ikatukuta bado tunazungumza.

Utamaduni niliuingilia kwa matunda. Shokishoki na doriani tunazokula huku asili yake ni upande ule ule, na mtoto akishajua hivyo hahitaji kukaririshwa Sumatra na Kalimantan ziko wapi.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha Brazil kaniuliza yeye aanzie wapi. Nimemwambia aanze na muhogo, ulitoka huko huko Amerika ya Kusini ukaletwa na Wareno, na huku hakuna nyumba isiyoujua.