Nilikiita jipu la paja

Nilikigusa mara ya kwanza alfajiri nikioga, kabla ya kwenda kufungua duka langu la vitenge hapa Ngamiani. Kwenye shavu la kushoto la uke, chini karibu na mlango, palikuwa na kitu cha duara kama punje ya mbaazi, kinateleza ndani ya ngozi. Hakikuuma. Nikanyamaza nacho wiki tatu.

Wiki ya nne kilikuwa ndimu. Chekundu, cha moto. Kwenye daladala nilikalia tako moja, na kila tuta nililibana bomba kwa mikono miwili. Duka la dawa nilimkuta kijana wa umri wa mdogo wangu. Nikamwambia nina jipu pajani. Akanipa dawa ya hilo nililomtajia.

Jirani alishauri nibandike kitunguu saumu. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana kinaunguza ngozi, na ile ni ngozi laini kuliko zote.

Shangazi aliniona tu navyotembea.

"Mwanangu, huko chini kuna nini?"

"Naona aibu, shangazi."

"Aibu na mimi? Nimekuogesha mimi."

Tukaenda wote hospitali. Muuguzi alivuta pazia, akanieleza kila atakachofanya kabla ya kunigusa. Kisha akachora mlango wa uke nyuma ya karatasi, duara kama uso wa saa, akaweka nukta penye namba 4 na nyingine penye namba 8. Hizo ni tezi za Bartholin, akasema, kila mwanamke anazo mbili, zinatoa ute wa kulainisha. Kamrija kake kakiziba, ute unajaa nyuma yake, ndio uvimbe. Bakteria wakiingia, linakuwa jipu. Wanaweza kuwa wa magonjwa ya zinaa, kisonono au klamidia, kwa hiyo alichukua kipimo, lakini mara nyingi ni bakteria wa kawaida wa mwilini. Nililia pale, kwa sababu wiki nzima nilikuwa namwangalia mume wangu kwa jicho baya.

Kidogo kisichouma huachwa. Kikianza kuuma, unakalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku, siku tatu nne. Usikikamue. Changu kilishavuka hapo. Nilichomwa ganzi, wakachana upande wa ndani, usaha ukatoka, wakashona kingo za kile kifuko ili kibaki na mdomo wazi. Ukichanwa tu ukaachwa, mara nyingi huziba tena. Usiku ule nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya siku tano.

Nilimuuliza kuhusu saratani. Akasema uvimbe mwingi wa huko si saratani: vifuko vya ngozi, vinyama vinavyoning'inia, uvimbe wa mafuta. Ila kinachokua haraka, kinachobadilika rangi, kinachotoa damu au kidonda kisichopona, kionwe mapema. Na mwanamke aliyevuka miaka 40 akiota uvimbe mpya penye tezi hizo, hukatwa kipande kidogo kikapimwe.

Shangazi ana miaka 56. Kwenye bajaji alikaa kimya mpaka tulipokaribia nyumbani, akaniambia chini chini kwamba na yeye anacho, mwaka wa pili sasa.

Jumatatu tunarudi. Amesema kitandani atapanda mwenyewe, mimi nimshikie pochi.